Harusi ya Vitu vya Kuazima

Msichana akija kwangu kuniuliza habari za gauni la harusi, jambo la kwanza ninalotaka kujua si kiuno chake. Namwuliza: kanisani utafika kwa miguu au kwa gari? Na hilo gari litafika mlangoni kwenu, au litakuacha huko juu barabarani? Wengi hukasirika. Wamekuja na picha kwenye simu, mwanamke mwembamba amesimama ufuoni peupe, upepo unaipeperusha shela yake, na mimi kizee nawauliza habari za matope ya Magwagwa. Wananitazama kama mtu aliyekuja kuwaroga.

Najua siku hizi mna kamati. Mna kikundi kwenye simu chenye watu wengi kuliko wanaojaa kanisani Krismasi, wachache wanachanga, waliobaki wanatuma maua na mikono inayoomba. Sisi hatukuwa na simu, lakini msidhani tulikuwa na akili zaidi. Upumbavu wa harusi haukuanza na ninyi. Mimi nimeuona tangu ukiwa mdogo, na pengine nimeushonea nguo.

Nilianza kushona barazani kwa Bwana Jivan, mjini Kisii, miaka michache baada ya uhuru. Yeye aliuza vitambaa ndani, sisi mafundi wanne tulikaa nje na cherehani zetu za kukanyaga. Aliyenifundisha magauni ni mkewe, Bi Savita, mama mfupi mwenye miwani, ambaye hakuwahi kunisifu hata siku moja. Nikimpelekea mshono, aliugeuza ndani nje, akautazama kama mtu anayetafuta chawa, akasema, "Fungua. Shona tena." Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba satini haipigwi pasi ya makaa bila kitambaa kibichi juu yake, na kwamba tope jekundu halifutwi likiwa bichi. Unaliacha likauke, unalipiga brashi, ndipo unafua. Ukilifuta mapema umelipaka rangi.

Alinifundisha pia kuacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono, vidole vinne kila upande. Hilo sikulisikia. Niliona ni uharibifu. Basi akaja msichana mmoja kutoka upande wa Nyamira, nikampima Aprili, nikakata sawasawa na mwili wake, nikajivuna. Harusi ilikuwa Agosti. Asubuhi ya harusi gauni likakataa kufunga, na si kidogo, mkono mzima ungepita pale mgongoni. Mama yake akaniambia bila kupepesa macho, "Tangu achumbiwe anakula vizuri." Nikamwangalia binti, binti akaangalia ukuta. Nilimshonea gauni mwilini mwake, kwa sindano ya mkono, nikaziba pengo kwa pazia la lesi lililokuwa dirishani, na shela nikaishusha nyuma mpaka kiunoni. Watu walisifu ule mtindo mpya. Mtoto alizaliwa kabla ya Krismasi, mzima, mnene, "anakula vizuri" kama mamaye.

Baada ya hapo niliacha kubishana na Bi Savita. Nikashona gauni la kukodisha, la satini, lenye matundu mgongoni na kamba ndefu ya kukaza au kulegeza, ili limkae mwembamba, mnene na yule aliye katikati ya safari. Mkia wake wa kuburuta nyuma ulikuwa mrefu kuliko kitanda. Nilitoa kila nilichokuwa nacho kulipata, na nikalipenda kupita kiasi. Mume wangu alikuwa akisema nyumba ikishika moto nitaokoa gauni kwanza, halafu nitamwuliza kama ametoka. Nilikuwa nikienda nalo katika kila harusi, nikimfuata bibi harusi nyuma kama polisi. Kumbukeni hilo mtakaponisikia nawacheka wengine.

Sasa niwaambie habari za Makori.

Makori alikuwa karani wa kupima majani chai upande wa Ekerenyo. Kazi yenyewe ni kusimama kando ya mizani na kuandika, lakini yeye aliifanya kama anahukumu kesi. Alivaa soksi ndefu mpaka magotini na kalamu mbili mfukoni, moja haikuandika. Alikuwa akimchumbia Kemunto, mwalimu wa shule ya msingi kule Magwagwa, msichana wa maneno machache. Kemunto alikuja kwangu na mama yake, akachagua poplini ya rangi ya samawati, kola ndogo, urefu chini ya goti.

"Hii ndiyo ya harusi?" nikamwuliza.

"Ya harusi," akasema. "Halafu ya kanisani. Halafu ikichakaa kidogo, ya shuleni."

Nilimwona hana makuu, nikamdharau kidogo, nasema kweli. Nikakata poplini yake.

Wiki iliyofuata Makori akaja peke yake.

"Mama Cherehani, nataka lile gauni lenye mkia."

"Mwenzako ameagiza la poplini. Nimeshalikata."

"Hilo atafundishia. Mimi nina wageni kutoka Kisumu."

"Wangapi?"

"Wawili."

Ilinipasa kumwambia arudi na Kemunto. Sikumwambia. Niliwaza mkia wangu ukipita mbele ya wageni kutoka Kisumu, hata kama ni wawili, nikasema, "Sawa." Poplini nikaimaliza, nikampelekea Kemunto. Habari za satini nikaziacha kwa Makori amwambie mwenyewe. Naye, kama mlivyo wengi wenu wanaume, akaziacha kwangu.

Tena si gauni tu. Suti iliazimwa kwa Mwalimu Mkuu Onsongo, mtu mwembamba, mpole, aliyeishonesha kwa ajili ya kwenda kupokea wakubwa na alikuwa ameivaa mara mbili. Gari lilikuwa Pijo la Bwana Nyakundi, aliyekuwa amepata shamba kule Nyansiongo Wazungu walipoondoka, akawa na ng'ombe wa maziwa na kitambi. Saa ya mkononi ilikuwa ya karani mwenzake, nayo haikuwa ikitembea. Kwa haki nitasema ng'ombe wa mahari walikuwa wake, na pete ilikuwa yake. Vingine vyote vilikuwa na wenyewe, na wenyewe wote walialikwa.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa, vijana. Ukiazima kitu cha mtu, usimwalike.

Siku ya harusi, Jumamosi, nilifika Magwagwa asubuhi nikiwa nimebeba gauni mgongoni ndani ya shuka mbili. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Kemunto alikuwa amekaa kitandani, poplini yake imenyooshwa kando yake. Nilipofungua shuka, akatazama satini, akanitazama mimi.

"Mama, hili nani ameliagiza?"

"Makori alikuja."

"Alikuja kwako," akasema. "Kwangu hakuja."

Nikasema, "Simama nikukaze kamba." Akasimama. Niliikaza ile kamba. Poplini aliikunja vizuri, akaiweka juu kabisa ya sanduku lake la kwenda nalo.

Bwana Nyakundi alikataa kushusha gari mpaka nyumbani. Alisimama barabarani juu, akapiga kelele, "Hapo halishuki! Mleteni huku!" Tukapanda mlima, bibi harusi mbele ameinua pindo, mimi na shangazi zake nyuma tumebeba mkia mabegani, kama watu wanaohamisha nyoka. Tulipofika juu tunahema, Nyakundi alikuwa ametandika viti magunia ya mbolea.

"Nailoni ya dukani bado haijatoka kwenye viti," akatueleza. "Akalie gunia."

Mimi nikasema satini yangu haikalii gunia. Yeye akasema kiti chake hakikaliwi na miguu yenye tope. Tulibishana hapo kwa muda mrefu, watu wazima wawili, na msichana anayeolewa amesimama katikati akisubiri kujua atakalia nini. Mwishowe nilitandika shuka zangu juu ya magunia yake.

Kanisani mambo yalikwenda vizuri mpaka kwenye kupiga magoti. Mwalimu Onsongo alikuwa ameketi benchi la kwanza, hakuwa akimtazama padri wala maharusi, alikuwa akiitazama suti. Padri aliposema wapige magoti, tukasikia kikohozi. Makori akageuka, akaona macho ya mwenye suruali. Akachuchumaa nusu, magoti yakaning'inia hewani.

"Piga magoti, bwana," padri akasema.

"Nimepiga, Padri."

"Hujapiga. Nakuona."

Kanisa zima likacheka, mpaka wale wawili wa Kisumu. Makori aliapa viapo vyote vya ndoa amechuchumaa vile vile, miguu inamtetemeka, jasho linamdondoka. Kemunto alikuwa amepiga magoti kando yake, ametazama mbele. Sikumwona akicheka.

Tulipofika kwao Makori, Ekerenyo, vijana walikuwa wamejenga upinde wa migomba langoni, imekatwa asubuhi ile ile, mizuri, majani bado yanadondosha maji. Mimi nikaona kitu kingine. Utomvu wa mgomba ukigusa kitambaa cheupe hautoki. Ufue na sabuni, uanike kwenye majani, upake ndimu, alama inabaki nyeusi mpaka nguo ioze. Nikapiga ukelele, "Simameni!" Wimbo ukakatika. Nikavua leso yangu ya kiunoni, ile niliyokuwa nimeshika nayo sufuria ya uji asubuhi, nikamfunika Kemunto kutoka kichwani mpaka chini. Ndivyo alivyoingia kwa mumewe mara ya kwanza, amefunikwa leso kama mzigo wa sukari unaokingwa mvua, mimi nimemshika bega namwongoza.

Basi tukakaa kula. Chakula kilikuwa kingi, mtu asiseme. Kulikuwa na nyama, wali, matoke, maziwa lala, na obokima, ugali wetu wa wimbi. Lakini meza ya maharusi haikulika. Mwalimu Onsongo alikuwa amesimama nyuma ya bwana harusi na kitambaa cha mkono, ananong'ona, "Sogea mbele. Hapo pana mchuzi. Usiegemee." Mwenye saa alipita mara mbili kuhakikisha iko. Nyakundi alikuwa akifukuza watoto wasiguse gari. Na mimi nilikuwa nimemkataza Kemunto nyama, nimemkataza mchuzi, nimemkataza matoke, nimempa mkate mkavu. Harusi nzima tulikuwa walinzi, na wageni wawili wa Kisumu walikula kwa niaba yetu sote.

Ndipo akaja nyanya yake Makori. Alikuwa mkongwe, mgongo umepinda, na alikuwa ameusonga ugali wa wimbi mwenyewe tangu alfajiri kwa sababu hakumwamini mtu mwingine. Alikuja polepole, amebeba bonge la ugali huo kwenye kikapu kidogo, mikono ina unga na masizi. Alipomfikia Kemunto akaweka kikapu chini, akanyoosha mikono yote miwili amkumbatie mke wa mjukuu wake.

Nikasimama katikati yao.

"Nyanya," nikasema, "mikono."

Alisimama. Akaitazama mikono yake kama ni ya mtu mwingine. Halafu akairudisha, akaifuta kwenye nguo yake, mbele na nyuma, akatabasamu kidogo, kama kwamba yeye ndiye aliyekosa adabu.

Kemunto akainuka.

"Mama, nifungulie kamba."

"Subiri wageni wa—"

"Nifungulie kamba, au nitaikata."

Tukaingia ndani. Nikaitoa ile kamba tundu baada ya tundu. Alilivua lile gauni, akalitoka kama mtu anayetoka kwenye shimo, akavaa poplini, akafunga vifungo mwenyewe, akatoka nje. Alikwenda moja kwa moja kwa yule mkongwe, akamkumbatia, unga ukamshika mabegani. Akaketi chini karibu naye, akamega obokima kwa mkono, akala. Alikula kama mtu aliyekuwa na njaa, na alikuwa nayo.

Msidhani watu walipiga makofi. Kina mama wa ukoo wakaanza kusema ni mkosi, mwanamke havui nguo ya harusi jua halijatua. Mmoja wa wageni wa Kisumu akauliza kwa sauti kama harusi imevunjika. Mjomba wake Kemunto, aliyekuja na watu wa Magwagwa, akasimama na fimbo yake.

"Makori," akasema, "kama binti yetu amekuaibisha, sema. Tutarudi naye sasa hivi."

Naye Makori alikuwa amekasirika. Nilimwona. Shingo ilikuwa imevimba ndani ya kola ya Onsongo. Akamwambia Kemunto, mbele ya watu wote, "Rudi ndani ukavae."

Kemunto hakupandisha sauti. "Hili ndilo gauni nililonunua," akasema. "Ni langu. Hakuna mtu atakayelifuata nyuma. Na wewe una nguo zako, nimeziona. Nimekubali kuolewa na mwenye zile."

Mjomba alikuwa bado amesimama. Makori akatazama chini, akaona viatu vyake, ambavyo nimesahau kuwaambia vilikuwa vya mtu pia na vilikuwa vidogo. Akatazama meza yake isiyoliwa. Halafu Mwalimu Onsongo, maskini, bila kufikiri, akainama akampangusa chembe ya wali begani.

Hapo Makori akacheka. Kwanza kama mtu anayelia, halafu sawasawa. Akavua koti, akamkabidhi Onsongo kwa mikono miwili. Akavua viatu. Akaingia ndani pekupeku, akatoka na kaptula yake ya kazini na soksi zake ndefu, akaketi chini upande wa pili wa nyanya yake. Mjomba akasubiri kidogo, akaiweka fimbo kando, akaomba nyama.

Onsongo alikunja suti yake, akaiweka mbali, akala sahani tatu. Nyakundi aliondoka na gari lake kabla ya mvua. Hakuna aliyemwona akienda, watu walikuwa wakicheza.

Hao wawili waliishi pamoja mpaka uzee, wakagombana kama watu wote, wakasomesha watoto. Ile poplini Kemunto aliifundishia mpaka ikafifia ikawa nyeupe. Mimi niliendelea kukodisha gauni, kwa sababu mtu hula kwa kazi yake, lakini tangu siku hiyo sikulitoa kabla bibi harusi mwenyewe hajaja, peke yake, bila mchumba, bila mama, akaniambia kwa mdomo wake kwamba analitaka. Na nikishalitoa nilibaki nyumbani. Lilirudi na alama za kila aina. Nilizifua nilizoweza. Nikuambie na wewe unayesoma hapa: panga harusi ambayo utaweza kuketi ndani yake na kula. Keki ya ghorofa tano haina maana kama unaitazama ukiomba isianguke.

Kuna jambo moja la siku hiyo ambalo kwa wateja wangu huwa silisemi.

Watu walipokuwa wakicheza, mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi ukutani, gauni limekunjwa mapajani. Kemunto alikuwa ameniletea sahani, na sikuweza kula. Nikamwona yule nyanya anakuja tena. Alipokuwa hatua chache kunifikia, akasimama, akageuka, akaenda kwenye karai la kunawia. Alinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akasugua kucha moja moja, akajisuuza, akarudi huku maji yanamtiririka. Akasimama mbele yangu, akanionyesha viganja, akavigeuza, akanionyesha na upande wa nyuma, kama mtoto wa shule anayekaguliwa.

"Sijawahi kugusa kitu kama hiki," akasema. "Nilitaka kujua tu kikoje."

Nilimwambia akae. Nikamwekea gauni lote mapajani, mkia na yote, nikamwambia alishike anavyotaka. Alitoa kidole kimoja, akaligusa pindoni, akakirudisha haraka.

"Ni laini," akasema.

Nikamwambia, ndiyo, Nyanya, ni laini.